Gari la Rubani Linatembea Kama Kaa

Mliochelewa kuketi sogeeni. Nafasi ipo, viti ninavyo, na aibu ninayosimulia ni ya nyumbani kwangu mwenyewe.

Wiki jana hadithi tuliiachia pale mume wangu alipoiuza pikapu. Pikapu ile ndiyo iliyobeba viti na maturubai yangu ya kukodisha, ndiyo iliyotulisha, na ndiyo iliyonipa jina la Mama Viti. Asubuhi alitoka nayo. Jioni alirudi na gari la spoti, jekundu, la milango miwili, lililokwisha kuchoshwa na watu asiowajua hata kwa sura.

Mke anakodisha viti mia, mume ananunua gari lisilobeba hata stuli.

Alisema amelipata kwa bei ya kutupwa. Nikamwambia kitu kikitupwa kuna aliyekitupa, na aliyekitupa anakijua kuliko wewe unayekiokota. Akacheka. Mwanamume akishakuwa na gari jekundu hasikii, anasikia injini tu.

Mtaa ulimpa jina siku hiyohiyo. Walimwita Rubani, kwa jinsi anavyoliingia. Kwanza mguu mmoja, kisha makalio, kisha kichwa, kisha anaguna, kisha anatoweka. Ukilitazama kwa mbali unaona kipara kinapita kwenye kioo kama papai linalopelekwa sokoni. Kutoka ndiyo kazi zaidi. Kutoka kunahitaji jirani.

Nami, nisiwafiche, mwanzoni nilijaribu. Nilivaa, nikajipaka, nikapanda. Tukafika kwenye tuta la shule.

Rubani akasimamisha gari, akanigeukia kwa sauti ya kubembeleza, akaniomba nishuke kidogo kwa sababu tumbo la gari litagusa. Nikashuka. Nikavuka tuta kwa miguu na mkoba wangu, nikamsubiri upande wa pili kama mbuzi anayevushwa mto. Lilipovuka nikapanda. Mbele kuna tuta lingine. Nikashuka tena.

Muuza nyanya wa pale akaniuliza, "Mama Viti, hilo gari la mumeo lina milango ya kutokea tu?"

Tangu siku hiyo nikienda mahali natembea. Nafika kabla yake.

Basi tukaanza maisha ya gereji. Fundi wake watu wanamwita Daktari. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza msiba. Akimaliza anatoa hukumu. Injini hii haitaki oili ya kawaida, ukiipa inanuna. Petroli iwe ile ya juu. Turbo imechoka kupumua. Plagi zimelewa. Kila wiki kiungo kipya, kila wiki Daktari anafumba macho, na kila nikimtazama Rubani namwona anaitikia kwa adabu ambayo hajawahi kumpa mama yake mzazi.

Siku moja nilimuuliza Daktari kama kuna kitu chochote kwenye gari lile ambacho ni kizima. Akafikiri sana. Akasema honi.

Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa mmoja, na haukusikika kwa bisibisi. Gari lilivuta kushoto. Ukilielekeza stendi, lenyewe linatazama soko. Matairi ya mbele yalilika upande wa ndani, ya nyuma upande wa nje, kama viatu vya watu wawili tofauti. Daktari akabadilisha bushi, akabadilisha shokapu, akabadilisha kauli. Likaendelea kutazama soko.

Mwishowe Rubani akalipeleka kwa fundi wa magurudumu, yule mwenye mashine ya kunyanyua gari mpaka juu ya kichwa. Hiyo ilikuwa Jumanne. Rubani alirudi kimya, akaniambia tu kwamba fundi amesema gari linatembea kama kaa. Hakutaka chakula. Nami sikumhurumia hata kidogo. Nilimwambia kaa na Rubani wamepatana, wote wanakwenda upande na wote wana macho yaliyotoka nje.

Sasa niwaambie kuhusu baba yangu, kwa sababu bila yeye hamtaelewa nilichofanya.

Baba ni fundi wa kuchomelea. Amechomelea mageti ya mtaa wetu karibu yote, hata hili letu. Ni mtu wa maneno machache na mikono mizito, na mimi katika ndoa hii nimemtumia kama fimbo. Rubani akichelewa, baba yangu hakuchelewa. Rubani akisema uongo, baba yangu hajawahi kumdanganya mteja. Nilikuwa namchapa nayo asubuhi na jioni, na nakiri kwamba ilikuwa tamu.

Gari lilipoletwa, baba alikuja kuliona. Alilizunguka mara moja. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa. Rubani akamfungulia mlango, akamkaribisha kama mfalme. Baba akasema magoti yanamsumbua. Akaondoka kabla ya chai.

Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikatembea nyumba kwa nyumba nikieleza. Nikasema mzee anajua chuma, amekigusa kile kikopo akaona hata kukitukana ni kukipa heshima. Rubani aliposikia alikaa uani peke yake, akilifuta vumbi gari lake polepole. Nikampita na kapu la vitambaa vya viti nikiimba.

Alhamisi gari likaanza kunuka.

Lilinuka mbwa aliyenyeshewa. Kila likioshwa, maji yalikuwa yanaingia mahali na kutuama chini ya kiti cha abiria. Rubani alikuwa kazini, siku hizo akienda kwa basi, eti analipumzisha gari. Mimi nilikuwa na wageni wa kuja, na harufu ile ilikuwa inafika mpaka barazani. Nikasema nitoe zulia nilianike juu ya viti vyangu, angalau viti visaidie kitu kwenye mradi huu wa kipuuzi.

Nikalivuta. Likang'oka vipande.

Chini, upande wa miguu, bati lilikuwa jekundu. Upande wa nyuma lilikuwa jeupe.

Nikadhani ni rangi ya chini. Nikapangusa maji kwa kitambaa. Katikati, kutoka mlango hadi mlango, ulipita mshono. Mshono mrefu wa kuchomelea, umepakwa puti na rangi nyeusi, na maji yalikuwa yamekwisha kuibandua puti. Mbele gari moja, nyuma gari lingine. Tumbo la huyu na mgongo wa yule, vimeunganishwa na kupakwa wekundu juu ili mjinga mmoja aje alipende.

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikaketi kizingitini mwa gari. Nikapanga namna nitakavyomwambia Rubani, nani atakuwepo, na nitaketi wapi ili nimwone vizuri usoni.

Ndipo nikaona mwisho wa mshono, karibu na mlango.

Mafundi wengine wakimaliza kuchomelea wanainua mkono na kuondoka. Baba yangu hawezi. Akifika mwisho anarudi nyuma kidogo juu ya kazi yake, anazungusha, anaacha kinundu mfano wa kitovu cha mtoto. Husema mshono usiofungwa fundo hufumuka. Mimi na dada yangu tulikua tukisugua vitovu hivyo kwa msasa tukitoka shule, mpaka vidole vikachubuka. Ningekijua hata nikiwa nimefumba macho. Kipo kwenye geti letu, juu na chini.

Nikakigusa. Kilikuwa kile.

Cheko likanikauka mdomoni kama uji uliosahauliwa.

Nilirudisha zulia likiwa bichi, nikachukua ufunguo, nikauficha ndani ya gunia la vitambaa vya viti, nikaenda karakana kwa baba.

Nilimkuta ameinua kinyago chake, anakunywa maji. Sikumwamkia. Nilimwambia nimeona chini ya zulia. Hakuuliza zulia gani. Aliweka kikombe chini, akakipangusa ukingo, na hapo nikajua kwamba siku ile magoti hayakuwa yakimuuma.

Alinieleza polepole, akiangalia chini. Mwenye yadi ya magari alimletea vipande viwili. Kimoja kiligongwa nyuma, kingine kiligongwa mbele. Akamwambia aviunge kiwe kitu kimoja cha kuwekwa juu ya nguzo mbele ya yadi, watu wakipita wakione. Pambo tu. Halitatembea.

"Ukaamini?" nikamuuliza.

"Nilitaka kuamini."

"Baba, pambo linawekwa injini?"

Akakisogeza kikombe pembeni. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo sijui nilipokee vipi. "Miaka yote hii mwanangu, mageti. Geti, dirisha, geti. Mtu anakuletea kitu kama kile, anakuuliza kama unaweza. Nilitaka kuona kama naweza."

Nilimtazama mzee wangu, fimbo yangu niliyokuwa nikiichapia watu, nikaona ni mti kama mti mwingine. Ameingia mkenge uleule wa Rubani. Mmoja kaona wekundu akapagawa, mwingine kaona kazi ya sifa akapagawa. Tofauti yao ni kwamba mmoja nilimdharau mbele za watu, na mwingine nilimtembeza nyumba kwa nyumba kama bendera.

Nikamuuliza kwa nini siku ile alipoliona uani kwangu hakusema. Akasema, "Ningesema nini, na wewe umesimama pale unamsifu baba yako mbele ya mumeo?"

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli.

Nikabaki na swali moja, nami nikaliuliza kama mtoto. "Baba, litakatika?"

Alifikiri kwa uaminifu, hilo siwezi kumnyima. "Geti linasimama, mwanangu. Gari linakimbia. Sijui."

Akaniomba nisimwambie Rubani. Akasema Jumapili atakuja mwenyewe, amwambie ana kwa ana, na amsaidie kulirudisha kwa mwenye yadi. Alitaka iwe Jumapili kwa sababu hadi hapo atakuwa amemwona mwenye yadi kwanza. Mimi niwe nimezuia tu lisitoke.

Nikakubali. Nimtazame nani machoni nikikataa? Ningemwambia Rubani ukweli siku ile, mshono ule ungehama kutoka kwenye gari ukaja kwenye meza yetu. Kila nikifungua mdomo kumkosoa angenirudishia kitovu. Niseme wazi, kulikuwa na roho ya mtu ndani ya gari lile, na mimi nilikuwa napima jinsi nitakavyochekwa.

Siku mbili Rubani alitafuta ufunguo. Aliinua mito, akapiga magoti, akachungulia chini ya kochi makalio yakiwa juu. Nikamsaidia kutafuta. Nikamwambia mtu mzima anapotezaje ufunguo wa gari la thamani namna ile. Akaniangalia kidogo, akasema labda utaonekana. Nikajisemea moyoni kwamba kumdanganya mtu kama huyu si kazi, ni mapumziko.

Jumapili ikafika na nyumba ikajaa.

Mnanijua, mimi nyumba ikiwa tupu naumwa. Alikuja dada yangu, akaja wifi na wenzake, majirani wakaja kwa miguu yao bila kuitwa kama kawaida. Baba aliniambia atafika mchana. Nikapanga kwamba akifika niwapeleke wanawake wote jikoni, yeye na Rubani wabaki uani wawili.

Lakini mteja mmoja akaniita. Turubai langu limeangukia wageni wake, anapiga kelele, anataka nije mwenyewe. Zamani ningeruka na pikapu nikarudi kabla sufuria haijachemka. Sasa nilikwenda na msukuma mkokoteni, mimi mbele yeye nyuma, tukiomba njia. Kazi ya dakika ikala mchana mzima, na njia nzima nilimlaani Rubani kwa sauti, msukuma mkokoteni akiitikia kwa heshima.

Niliporudi, geti lilikuwa wazi. Mahali pa gari palikuwa na doa la oili tu.

Wageni wote walikuwa uani, wanacheka. Koti la baba lilikuwa juu ya kiti kimoja changu.

Wifi yangu, dada yake Rubani, ndiye aliyenisimulia, tena kwa furaha, maana kwake lilikuwa jambo la kupatana. Alisema mzee aliingia, akasalimia, akamwomba Rubani wazungumze pembeni. Rubani akatoa ufunguo mfukoni, akasema mbele ya watu kwamba baba mkwe hajawahi kumpa heshima ya kupanda gari lake hata siku moja, basi leo watazungumzia njiani. Mzee akataja magoti. Rubani akasema atamfungulia mlango, atamshika mkono, atamfunga mkanda mwenyewe. Watu wakapiga makofi.

Nikamuuliza mzee alisema nini.

"Alisimama kidogo," wifi akasema. "Kisha akasema kama kuna mtu wa kupanda hilo gari leo, ni yeye. Akavua koti. Wifi, baba yako alivyoingia, utadhani anaingia kisimani."

Wakacheka tena. Wakasema wamekwenda barabara kuu, ile iliyonyooka, isiyo na matuta.

Nilipiga simu ya baba. Ikalia ndani ya koti.

Nikapiga ya Rubani. Iliita mpaka nikakata tamaa, kisha ikapokelewa, na kwanza nikasikia upepo na injini, ile injini iliyokuwa ikinuna, leo inaimba. Alikuwa ameiweka kwenye spika. Uani, wageni walipoona uso wangu, wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Watu wote niliopenda wajae nyumbani kwangu walikuwa wamejaa, na wote wana masikio.

"Mama Viti," akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Sema na baba yako, ameshika mlango kwa mikono miwili."

"Simama," nikamwambia. "Weka gari pembeni sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Nimesema simama."

"Nipe sababu."

Nikasikia sauti ya baba, ndogo, katikati ya upepo. "Mwanangu, usiseme. Niache niseme mimi."

"Haya mzee, sema," Rubani akamwambia. Baba akakohoa. Akaanza neno, likakatika.

Nilitazama uani. Dada yangu, aliyesugua vitovu vile pamoja nami. Wifi. Muuza nyanya. Nikafumba macho.

Nikasema, "Gari hilo ni magari mawili. Limekatwa katikati likaungwa. Na aliyeliunga umekaa naye hapo."

Hakuna kiti kilicholia uani. Nilisubiri breki. Nilisubiri matusi. Nilisubiri aniombe nirudie, maana miaka yote kitu kikiwa kizito Rubani huomba arudiwe.

"Najua," akasema.

Nikakishika kiti chenye koti la baba.

"Fundi wa magurudumu aliliinua Jumanne, akanionyesha kwa tochi. Na mshono wa baba yako nani asiyeujua mtaani? Naufungua asubuhi, naufunga jioni. Nikarudi nyumbani nikakaa kimya. Nikasema nisubiri, nione nani ataniambia. Baba aliyelitengeneza, au mke aliyekuwa ananisaidia kutafuta ufunguo chini ya kochi huku ameuficha kwenye gunia la vitambaa, nilikouona mwenyewe."

"Baba watoto," nikamwambia, jina ambalo sikuwa nimemwita tangu aiuze pikapu. "Simama kwanza. Njoo nyumbani unitukane."

"Nimetukanwa vya kutosha kwa ajili ya mzee huyu," akasema. "Leo tupo wawili, mimi na yeye, hapa juu ya kazi yake. Mzee, hebu niambie wewe fundi. Linashika mpaka mwendo gani?"

Baba akakohoa tena.

"Hujui?" Rubani akasema. "Basi tuangalie."

Nikamsikia anapandisha gia.